Mashine ya Oksijeni na Unyevu wa Pwani

SWALI: Mimi ni fundi sanifu wa vifaa tiba katika kituo cha afya kilichoko mwambao wa Tanga. Mashine yetu ya kuzalisha oksijeni, ya lita 5 kwa dakika, imeanza kupiga kengele ya oksijeni hafifu kabla haijatimiza miaka miwili, ingawa kompresa inanguruma vizuri na filta nimezisafisha. Wenzangu wawili nami tunafikiria kuunda ya kwetu. Je, ugumu hasa uko wapi?

JIBU: Ndugu fundi, kwanza paka povu la sabuni kwenye viungo vyote vya mipira uone kama hewa inavuja. Kama haivuji, nashuku zeolaiti, yaani punje za madini zinazochuja hewa ndani ya mashine, kabla ya kitu kingine chochote.

Hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21 na agoni karibu 1. Kompresa huisukuma kwenye silinda iliyojaa punje za zeolaiti, ambazo zikiwa chini ya mgandamizo huinasa naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Baada ya sekunde chache vali hugeuza mkondo kuelekea silinda ya pili, huku ile ya kwanza ikitoa nje naitrojeni iliyoinasa. Agoni hupita pamoja na oksijeni, ndiyo maana hata mashine mpya haivuki asilimia 95 au 96.

Tatizo ni kwamba zeolaiti hunasa maji kwa nguvu zaidi kuliko inavyonasa naitrojeni, na mvuke ukishazama ndani ya punje hautoki wote kwa kushusha mgandamizo. Kuzikausha kabisa hutaka joto la kama nyuzi 300. Mashine iliyozimwa na kufungiwa stoo wakati wa masika huendelea kufyonza unyevu, kwa hiyo kuihifadhi bila kuiwasha, jambo tunalolidhania kuwa utunzaji, huifupishia maisha.

Niliwahi kufungua silinda ya mashine iliyoacha kufanya kazi. Punje, zilizopaswa kuwa ngumu na duara kama uwele, nusu yake zilikuwa zimesagika kuwa unga mweupe, na unga huo ulikuwa umeingia hadi kwenye vali. Springi ya kuzibana ilikuwa dhaifu, punje zikalegea, zikawa zinasuguana kila hewa ilipoingia na kutoka. Kwa springi moja tu, wodi ya watoto ilikosa oksijeni, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kuunda mashine moja ikafanya kazi juu ya meza mnaweza, na ninawatia moyo mjaribu. Kazi ngumu ni kuifanya ya hamsini ilingane na ya kwanza. Zeolaiti hujazwa katika chumba kikavu na kushindiliwa kwa kipimo kilekile. Kompresa isitumie oili, kwa kuwa ukungu wa oili huiharibu zeolaiti na, ukikutana na oksijeni nyingi, unaweza kuzua moto. Na kila silinda iwe na kumbukumbu ya aliyeijaza, siku aliyoijaza na uzito alioutia. Utaratibu wa namna hiyo ndio unaodaiwa na ISO 13485, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora wa vifaa tiba, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini, nayo itataka ushahidi wa ubora kabla ya kusajili kifaa chenu.

Maelekezo ya kiufundi ya WHO ya mwaka 2015 yanataka mashine imudu joto la hadi nyuzi 40 na unyevu wa hadi asilimia 95. Andikeni masharti hayo kabla ya kuchora chochote, kisha ongezeni ya kwenu: umeme unaopanda na kushuka, chumvi ya bahari, na vipuri ambavyo fundi aliye peke yake anaweza kuvibadilisha kwa bisibisi. Stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti, iwe sehemu ya usanifu, si kitu cha kwenda kununuliwa baadaye.

Kwa sasa, pima usafi wa oksijeni kila wiki na uandike pamoja na volti, unyevu wa chumba na saa za kazi, kwa kuwa daftari hilo ndilo litakalowaonyesha mashine yenu ihimili nini. Usomaji ukishuka chini ya asilimia 82, iondoe wodini siku hiyohiyo na uhakikishe mtungi uliojaa uko tayari.