Makao au nyumbani? Hesabu ya Japani inasemaje

Swali la wiki liliuliza: wazee wakizidi kuwa wengi, tujenge makao zaidi ya kuwatunzia au tuwahudumie majumbani? Mimi naona si suala la kuchagua kimoja. Huduma za nyumbani zikiimarika, makao hubaki na wale walio hoi kabisa, na kazi yake huwa ngumu kuliko mwanzo. Japani wameshafika huko.

Tangu Aprili 2000 wana bima ya utunzaji wa wazee, na mtu huanza kuichangia akifika miaka 40. Familia huomba manispaa, kisha anakuja mkaguzi na maswali 74: anajigeuza kitandani? Anameza vizuri? Hupotea njia? Kompyuta hukadiria dakika za utunzaji anazohitaji, daktari anatoa maoni yake, na kamati inaamua daraja la uhitaji wake. Yapo mawili ya msaada mwepesi na matano ya utunzaji. Mratibu ndiye hupanga ratiba: wa kumwogesha, kituo cha kushinda mchana, siku chache za kulala makaoni ili walio nyumbani wapumue. Mzee hulipa asilimia 10 ya gharama. Mwenye kipato kizuri, 20 au 30.

Mambo huharibika siku ya ukaguzi. Mzee hujikaza mbele ya mgeni: ananyoosha mgongo, anasema anapika mwenyewe. Daraja linatoka dogo, na saa za huduma nazo zinakuwa chache. Dawa yake ni mwanafamilia kuwepo na daftari: ameanguka lini, ameamka mara ngapi usiku, amekosea dawa zipi.

Kosa la pili ni la watoto. Sheria inampa mfanyakazi likizo ya siku 93 kwa kila ndugu anayehitaji kutunzwa, na anaweza kuigawa mara tatu. Wengi huitumia kulisha na kubadilisha nepi, siku zikiisha wanaacha kazi. Likizo hiyo ni ya kutafuta mratibu na kupanga huduma.

Sasa makao. Tangu 2015, makao maalumu yanayoendeshwa chini ya bima hupokea kwa kawaida wa daraja la 3 la utunzaji kwenda juu, yaani watu wasioweza kusimama au kwenda chooni bila kushikwa, wengi wao wakiwa na dimensia (maradhi ya kupotewa na kumbukumbu). Kanuni ni mhudumu au muuguzi mmoja kwa wakazi watatu. Inasikika vizuri, lakini pigeni hesabu: wakazi 60, wafanyakazi 20, kila mmoja saa 40 kati ya 168 za wiki. Walio kazini kwa wakati mmoja hawafiki watano, hapo hujatoa likizo wala wagonjwa. Usiku kanuni inaruhusu wawili tu. Wawili hao wakianza kumgeuza kila asiyejigeuza, kengele za wengine nani ataziitikia?

Kwetu, Zanzibar inawalipa pensheni wenye miaka 70 na zaidi tangu 2016, na ni jambo jema. Lakini mzee aliyelala kitandani wiki tatu bila kuinuka anahitaji mtu anayejua kumgeuza kila baada ya saa mbili, kuweka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee, na kumkalisha wima nusu saa baada ya kula asije akapaliwa. Mafunzo hayo yafike kwenye shehia, yaani mitaani na vijijini, kabla ya saruji ya kujengea makao. Na saruji ikija, mlango wa choo usipungue sentimita 90, maana watakaoupita watakuwa kwenye viti vya magurudumu.