Macho ya mgonjwa aliye kwenye mashine

Baba alipowekwa kwenye mashine ya kupumulia, jicho lake la kulia halikufunga sawasawa. Sisi tuliovuka kutoka Pemba tukafurahi. "Anatuona," alisema shangazi, akaendelea kumsomea Yasin.

Siku ya tatu nikataka kumuomba muuguzi alifunge. Shangazi akanishika mkono: "Anayefumbwa macho ni maiti, mwanangu." Nikanyamaza. Najuta hadi leo.

Baba hakuwa akituona. Dawa za usingizi mzito na za kulegeza misuli huondoa kupepesa, na kupepesa ndiko kunakotandaza machozi. Kioo cha jicho, yaani utando angavu wa mbele, hakina mishipa ya damu. Kikikosa machozi hukauka na kuchubuka ndani ya siku chache tu, kisha vijidudu hupata njia. Mashine nayo husukuma hewa kifuani, damu ikashuka kwa taabu kutoka kichwani, na weupe wa jicho ukavimba mpaka kope zishindwe kukutana. Mgonjwa akilazwa kifudifudi, uvimbe huzidi.

Alipotolewa mpira kooni, neno lake la mwanzo lilikuwa, "Nitoeni mchanga jichoni." Tukamwambia ni usingizi, utaisha. Siku mbili zikapita. Daktari wa macho alimtia tone la rangi, akamulika taa ya buluu: chini ya mboni likang'aa doa la kijani, jembamba kama mwezi mwandamo. Kidonda kilipona, kovu likabaki. Msahafu anausoma kwa jicho la kushoto.

Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa mahututi, muulize muuguzi wa zamu kwa adabu: kope zimefunga kabisa? Marhamu ya macho anatiwa kila baada ya saa ngapi? Zisipofunga, zinaweza kufunikwa kwa plastiki nyembamba safi inayohifadhi unyevu. Chachi kavu isiguse kioo cha jicho, nayo huchubua. Anapovutwa makohozi, mpira usipitishwe juu ya uso, maana vijidudu vya kifuani vikidondokea jicho lililokwisha kuchubuka huweza kulipofua. Wewe mwenyewe usitie kitu. Najua tunakwenda na zamzam. Mpake kipajini, macho waachie wauguzi.

Na akizinduka akasema jicho linauma au anaona ukungu, usimtulize kwa maneno kama tulivyofanya sisi. Omba daktari wa macho siku hiyo hiyo.