Maswali ya Wasomaji: Kipimo cha Umri Katika Soka la Vijana

SWALI: Ndugu Mhariri, mpwa wangu aliitwa katika kambi ya timu ya taifa ya vijana wenye umri chini ya miaka 17 iliyokuwa ikijiandaa kwa mashindano ya CECAFA, lakini akaondolewa baada ya kupigwa picha ya mkono hospitalini, ingawa cheti chake cha kuzaliwa kinaonyesha kwamba umri wake unaruhusiwa. Mashine inawezaje kuaminiwa kuliko cheti? Na je, kijana amefungiwa? – Msomaji, Mwanza.

JIBU: Ndugu msomaji, poleni, wewe na kijana wako. Kipimo hicho cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa nguvu ya sumaku, hakihesabu miaka. Hutazama mfupa wa mkono ulio upande wa dole gumba, karibu na kiganja, ambako kuna gegedu inayorefusha mfupa wakati wa ukuaji na hatimaye kugeuka kuwa mfupa kabisa. Hali yake imegawanywa katika hatua sita, na mchezaji aliyefikia ya sita, yaani ambaye gegedu hiyo imekwisha kugeuka mfupa kabisa, haruhusiwi, kwa kuwa uchunguzi wa FIFA, uliofanyika kabla ya kipimo hicho kuanza kutumika katika Kombe la Dunia la vijana nchini Nigeria mwaka 2009, ulionyesha kuwa ni nadra sana kwa mvulana ambaye hajatimiza miaka 17 kufika hapo.

Nadra sana, lakini hutokea. Ndiyo maana ninawasihi viongozi na mashabiki wasimwite mwongo kila kijana anayeondolewa namna hii. Wapo pia vijana wa miaka 18 au 19 ambao mifupa yao haijafunga, nao hupita bila kugunduliwa, kwa hiyo kipimo kinakosea zaidi kwa kupitisha kuliko kwa kuzuia. Cheti nacho, hasa kilichoandikishwa miaka mingi baada ya mtoto kuzaliwa, hutegemea kumbukumbu na uaminifu wa aliyetoa maelezo.

Ninachokilaumu ni kupima kwa kuchelewa. Kabla ya mashindano ya kufuzu ya kanda ya Afrika ya Kati ya Januari 2023, Kameruni iliwapima vijana wake kambini, wachezaji 21 kati ya 30 wakashindwa, timu ikasukwa upya, na bado ikafuzu kwenda Algeria. Kijana akipimwa mapema, kabla jina lake halijatangazwa, huepushwa na aibu ambayo si lazima impate.

Kuhusu kufungiwa, hapana. Matokeo ya picha humzuia katika kundi hilo la umri tu. Timu ya chini ya miaka 20 na ya wakubwa bado ziko wazi kwake. Adhabu huhusu nyaraka za udanganyifu, kama ilivyoipata Guinea, ambayo ilifika fainali ya AFCON ya vijana jijini Dar es Salaam mwaka 2019 na kufungwa na Kameruni kwa penalti, kisha ikabainika kwamba wachezaji wake wawili waliwahi kucheza mashindano nchini Japani wakiwa na tarehe tofauti za kuzaliwa. Nafasi yake katika Kombe la Dunia la Brazil ikachukuliwa na Senegal. Mwombe kocha wa klabu yake amwandae kwa kundi la chini ya miaka 20 tangu sasa, na nakala ya majibu ya hospitali muitunze nyumbani pamoja na cheti.