Nywele, shela na utawa: maswali yenu

Mwezi uliopita niliandika kuhusu mabinti wanaojiandaa kuingia utawani, yaani kuwa masista wa Kanisa Katoliki. Barua zilizokuja karibu zote zinauliza habari ya kichwa, kwa hiyo leo tuongee nywele.

Tumsifu Yesu Kristo. Nimemaliza chuo mwaka jana, nipo Igoma, Mwanza. Shirika moja la masista limenialika "njoo uone". Nina nywele ndefu nilizozilea kwa shida. Je, nikifika tu watanikata?

Milele amina, mdogo wangu. Hapana. Njoo uone ni siku chache za kutazamana: wewe unawatazama, na wao wanakutazama. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka novisi (aliye katika malezi rasmi kabla ya nadhiri) awe ametimiza miaka 17, unovisi usipungue miezi 12, na anayeweka nadhiri za daima, yaani za maisha yote, awe na miaka 21 au zaidi. Inataja hata vazi la kitawa. Kunyoa nywele haikuamuru. Kila shirika lina desturi yake, na mashirika mengi ninayoyafahamu huku kwetu yanataka nywele fupi za asili, bila dawa na bila kusuka, mapema tu katika malezi. Muulize mlezi wa miito, anayeshughulikia wanaotaka kujiunga, kabla hujafungasha begi. Anayeuliza si mkaidi.

Mimi ni mama, naishi Sengerema. Binti yangu ni postulanti, hatua ya kabla ya unovisi. Alikuja likizo kanyoa karibu kipara, nikashindwa kujizuia, nikalia mbele ya majirani. Nimekosea?

Mayu, pole. Hukukosea. Kwetu familia nyingi zinanyoa msiba unapomalizika, na macho yako yamezoea kukiona kichwa cha namna hiyo kwenye matanga. Dada yangu alipoingia unovisi, bibi yetu alimtazama kichwani akauliza, "Nani kafa?" Kisha akakaa siku mbili hasemi naye. Sisi wajukuu tulimwona bibi mshamba. Leo naona aliuliza swali zito kuliko yetu sote, kwa sababu kweli kuna kitu kinaachwa pale. Hutapokea mahari ya binti huyo, wala hutabeba wajukuu kutoka kwake. Kuomboleza hilo si kukosa imani.

Ila kumbuka jambo moja. Mwanao huyo huenda alinyolewa miaka yote ya shule, na wewe mwenyewe ukimshikia kichwa kila Jumapili jioni, bila chozi. Nywele zilikuwa fupi vilevile, ila zile zilikuwa amri ya shule. Hizi, kama mambo yamekwenda sawa, amezitoa mwenyewe. Hapo ndipo pa kumuuliza. Mpigie simu, mwambie ulivyoumia, kisha umuulize kama alinyoa kwa moyo wake. Akisema ndiyo, mwamini. Akisema alilazimishwa au aliaibishwa mbele za wenzake, panda gari ukaonane na mkuu wa shirika, tena usiogope. Sadaka ya kulazimishwa si sadaka.

Nasoma Nyegezi. Desturi hii ilitoka wapi?

Ni ya zamani sana. Mtakatifu Yeronimo, mwalimu wa Kanisa wa kale, aliandika kwamba katika monasteri za Misri na Siria mabikira na wajane waliojitoa kwa Mungu walikatwa nywele na mama wa jumuiya, kisha wakajifunika shela. Lakini katika karne ya 4, Sinodi ya Gangra, mkutano wa maaskofu, iliwalaani wanawake waliokata nywele kwa kisingizio cha utawa! Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Kanisa limekuwa na sauti moja juu ya nywele tangu mwanzo, mkatalie.

Kisa ninachokipenda ni cha Mtakatifu Klara wa Assisi, Italia. Usiku wa Jumapili ya Matawi mwaka 1212 alitoroka kwao, na Mtakatifu Fransisko wa Assisi akamkata nywele katika kikanisa cha Porziuncola. Ndugu zake walipomfuata kumrudisha kwa nguvu, alishika altare na kuwafunulia kichwa kilichonyolewa. Wakaelewa kwamba hayupo tena kwenye hesabu za ndoa, wakaondoka. Wanaume nao walikuwa na alama yao ya kukatwa nywele walipoingia uklero, yaani njia ya kuelekea upadre, hadi Papa Paulo wa 6 alipoiondoa mwaka 1972.

Nywele zikikatwa zinapelekwa wapi? Mtaani kwetu watu wanasema mengi.

Najua wanachosema, na najua hofu ya ushirikina huku kwetu. Za Klara zimetunzwa Assisi kwa sababu ni za mtakatifu. Za binti wa kawaida zifukieni au zichomeni, yatosha.

Mbona masista wengine hawavai shela, na nywele zao zinaonekana?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1965 ulitaka mavazi ya watawa yawe rahisi, ya heshima na yanayofaa kazi zao. Mashirika mengine yakaacha shela kabisa. Nadhiri zao ni zilezile.

Nina saluni Buzuruga. Binti mmoja anaingia shirika wiki ijayo, anataka nimfumue rasta na kumnyoa. Naona kama nachukua pesa ya kitu kitakatifu. Nimlipishe?

Dada, kama unaweza kumsamehe, msamehe, itakuwa zawadi yako kwake. Ukimlipisha, hujatenda dhambi, ni jasho lako. Ila usimfanyie haraka katikati ya wateja wanaopiga soga. Mpe asubuhi, kabla saluni haijajaa, na umruhusu aje na mama yake akitaka. Usimpige wembe. Tumia mashine, umwachie nywele kidogo, maana ngozi iliyokaa chini ya rasta muda mrefu haijazoea jua letu.