Kabla hujanunua laptopi ya kugeuza, ulizia kalamu

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, wadogo zangu waliopata nafasi huanza kunitumia picha za laptopi kutoka Kariakoo. Safari hii nyingi ni zile za kugeuza: unakunja kioo mpaka kinakutana na mgongo wa kibodi, mashine inakuwa kama kishikwambi. "Kaka, hii vipi?" Nimeitumia ya namna hiyo miaka mitatu nikisoma uhandisi wa umeme, basi wacha nijibu wote kwa mpigo.

Msianze na RAM. Anzeni na kalamu.

Yangu ni ThinkPad Yoga 370, toleo la 2017, kioo cha inchi 13.3. Niliinunua mtumba, bumu (pesa ya mkopo wa chuo) la muhula wa kwanza likiwa bado la moto mfukoni. Ubavuni ina tundu la kuhifadhia kalamu, na siku ile tundu lilikuwa tupu. Muuzaji akaniambia nisihangaike, kalamu zimejaa mtaani, akanipa yenye ncha ya mpira kwa shilingi 5,000. Nikashukuru, mjinga mimi.

Usiku huo nikafungua ukurasa mweupe nijaribu kuchora sakiti. Kila nilipoegemeza kiganja, mistari ikatokea chini ya mkono kama njia za konokono. Kumbe ncha ya mpira kwa kioo ni kidole tu, na kiganja nacho ni kidole kinene. Kioo hakina namna ya kujua kipi ni kipi. Kalamu ya kweli inatoa ishara yake yenyewe, kioo kinaihisi hata kabla haijagusa, na hapo ndipo kinapoweza kukipuuza kiganja. Tena kalamu hizo haziingiliani hovyo. ThinkPad yangu inatumia mfumo wa kampuni ya Wacom, Surface za Microsoft zina wa kwao. Niliazima ya rafiki mwenye Surface, haikuandika hata nukta. Ya kwangu niliisubiri wiki tano kutoka nje, ikanigharimu shilingi 90,000 ambazo zilikuwa za kula.

Kwa hiyo dukani, kabla hujatoa hela, omba kalamu yenyewe, fungua Paint, ile programu ya kuchora ya Windows, egemeza kiganja kabisa, uchore mstari wa mshazari polepole toka pembe hadi pembe. Rudia sehemu mbalimbali za kioo. Mstari ukitetemeka kidogo usishtuke, vioo vingi vya aina hii viko hivyo ukienda taratibu. Ukikatika mahali pale pale kila mara, rudisha mashine na uage kwa heshima.

Ilipofika kalamu, ndipo nikaelewa kwa nini watu wanahangaika nazo. Lekcha wa sakiti anachora ubaoni, anafuta, anachora tena. Mwenye kibodi anabaki kupiga picha kwa simu, picha ambazo hatazifungua tena. Mimi nilikuwa naingiza slaidi za PDF kwenye Xournal++, programu ya kuandikia kwa kalamu ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti, naandika juu ya mchoro wake mwenyewe: mkondo unaelekea huku, alama ya kutoa imetoka hapa. Nikikosea mzunguko mmoja wa Kirchhoff, yaani duara moja kwenye hesabu ya sakiti, nafuta huo tu. Jioni naituma PDF kwenye kundi la WhatsApp, na kufikia mwaka wa pili watu wananiita "mzee wa desa", yaani wa noti. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalifikirii: UE, mtihani wa mwisho wa muhula, inafanywa kwa karatasi na peni, saa tatu nzima. Mkono uliozoea kubonyeza tu utalalamika kufika swali la tatu.

OneNote, programu ya Microsoft ya kuandikia noti, nayo nzuri, hasa kwa kutafuta neno ndani ya mwandiko, ila inapenda kuhifadhi vitu mtandaoni. Bando likikata, unaweza kukuta ulichoandika kwenye laptopi hakijafika kwenye simu, na testi ni kesho asubuhi.

Anayesoma sheria au sosholojia simshauri hata kidogo. Kazi yako ni aya ndefu, dada. Chukua laptopi ya kawaida yenye kibodi nzuri, bei ile ile itakupa mashine yenye nguvu zaidi. Za kugeuza zinauzwa ghali kwa ajili ya bawaba na kioo cha kugusa, vitu ambavyo wewe utavitumia kuangalia muvi kitandani. Na wale wanaoniuliza iPad: kwa kuandika ni tamu sana, lakini MATLAB kamili, programu ya hesabu za kihandisi, haikai humo, na uhandisi bila MATLAB utakuwa unaazima mashine za watu kila wiki.

Betri ya mtumba usiikadirie kwa macho. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, Windows itakutengenezea ripoti. Linganisha uwezo iliyoundwa nao na uwezo iliobaki nao sasa. Yangu ilikuwa imebaki na kama theluthi mbili, nikaomba punguzo nikapata. RAM pia uliza, maana katika nyingi ya mashine hizi imechomelewa kwenye ubao na huwezi kuongeza baadaye. Chini ya GB 8 usichukue.

Kuna kero ndogo ndogo. Ukilala ubavu kioo nacho kinajigeuza, hivyo funga ule mzunguko kwenye mipangilio. Kwenye ukumbi wenye viti vya kibao kidogo cha kuandikia, mashine iliyokunjwa inatosha vizuri kuliko iliyofunguliwa, ila inapata joto, na kwa joto la Dar kiganja kinanata kwenye kioo; mimi hutandika kitambaa cha kufutia miwani chini ya mkono.

Bawaba zangu zililegea mwaka wa pili, kioo kikawa kinainama chenyewe nikiwa naandika. Fundi alikaza skrubu mbili kwa dakika kumi. Aliniuliza nilikuwa naigeuza kwa kushika wapi. Nilikuwa nashika pembe moja ya juu, kwa mkono mmoja, kila siku. Akanionyesha: mikono miwili, katikati ya kingo za pembeni.