Mbao zinavunjika ukizikunja kwa omo (mbele ya jahazi)? Jaribu hivi

Buda pole, najua hiyo uchungu ya kusikia mbao ikisema "kaa!" baada ya kuichonga wiki mzima. Umesema unatengeneza modeli ya jahazi ya futi mbili hivi na mbao zinapasuka kila ukifika omo. Kwanza pima unene, kama imepita milimita 2 hiyo haitakunjika vizuri, mi hupenda 1.5 na natafuta kipande yenye nyuzi zimenyooka, pale soko la Gikomba, Nairobi, kwa mafundi wa fanicha unaweza pata mabaki ya saipras ama mvule kwa bei ya chini. Loweka kwa maji moto kama nusu saa, ikunje polepole juu ya pasi ama kitu ya duara iko na moto, alafu ibane kwa mataruma (zile mbavu za jahazi) na vibanio vya nguo ilale hapo usiku mzima BILA gundi. Hapo ndio watu hukosea sana, wanagundisha ikiwa bado mbichi, ikikauka inasinyaa na unabaki na nyufa kila mahali. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Na usimalize upande mmoja kwanza, weka mbao moja kulia moja kushoto, la sivyo mkuku (uti wa chini wa jahazi) utajipinda na huo haurekebishiki. Kuelekea omo punguza upana wa kila mbao kidogo, zikae bila kupandana.

Ukishuka Lamu ingia makumbusho uone modeli za mtepe, ile iliyoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari, aki ni kitu safi sana. Tupie picha ukimaliza.