Maswali ya Wasomaji: Farasi Anayeangusha Viunzi

SWALI: Assalaam aleikum mhariri. Nina farasi wa miaka 9, dume aliyehasiwa. Kiunzi cha sentimita 80 anakiruka bila kusita, ila kila mzunguko lazima aangushe boriti mbili tatu, wala hajali. Viunzi nimetengeneza kwa mabomba ya plastiki. Kuna aliyenishauri nishike fimbo nimgonge miguu akiwa hewani. Nifanye hivyo?
Msomaji, Kaole, Bagamoyo

JIBU: Waaleikum salaam. Fimbo hiyo iache kabisa. Kumgonga farasi miguu anaporuka ni marufuku kwa kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi. Isitoshe, kunamfundisha kwamba kiunzi huweza kuinuka chenyewe na kumgonga. Ataruka kwa hofu huku mgongo umekakamaa, na siku moja atagoma.

Kabla ya kumwita mzembe, jua anagonga kwa mguu upi. Paka chaki ya ubaoni kwenye boriti ya juu, mrukishe mara sita, kisha kagua miguu yote minne. Mtu mwingine asimame ubavuni achukue video kwa simu. Chaki ikiwa kwenye miguu ya mbele, mara nyingi anakifikia kiunzi akiwa karibu mno, au mpandaji anamwinamia shingoni mapema na kumlemea mabega, basi magoti hayakunjiki. Ikiwa ya nyuma, mpandaji anarudisha makalio kwenye tandiko kabla farasi hajamaliza kupita, au mgongo unauma. Bonyeza kwa vidole taratibu pande zote mbili za uti wa mgongo, pale tandiko linapokaa. Akijipinda au kupigapiga mkia, simamisha mazoezi umwite daktari wa mifugo. Tazama na kwato: zikipita wiki 8 bila kupunguzwa, ncha hurefuka na mguu huchelewa kunyanyuka. Tena upande wenu wa kuelekea Saadani kuna ndorobo, yaani mbung'o wanaoeneza nagana. Farasi anayejikwaa, anayekonda na kuvimba chini ya tumbo apimwe damu kwanza. Huyo ni mgonjwa.

Akiwa mzima, tatizo lako kubwa ni hayo mabomba. Yakiguswa yanapeperuka kama majani makavu, na farasi hasikii kitu. Tafuta miti ya mvinje iliyonyooka, unene sentimita 10, urefu mita 3 hadi 3.5, iliyobanduliwa magome na kulainishwa. Mikoko usikate. Ilaze kwenye vishikizo vyenye kina cha sentimita 2 hivi, ili ikigongwa ibingirike na kuanguka. Usiifunge kwa kamba wala kuipigilia msumari hata mara moja: farasi akinasa hapo hupinduka na kumwangukia aliyempanda. Rangi iwe nyeupe na buluu. Nyekundu na ya machungwa, zinazotung'aria sisi, machoni pa farasi hufifia na kuchanganyika na majani. Uingereza wamebadilisha alama za machungwa kwenye viunzi vya mbio za farasi wakaweka nyeupe.

Sasa anza chini. Laza boriti 5, kila moja mita 1.3 kutoka mwenzake, azipite kwa mchakamchaka. Asipozigusa, inua ncha moja ya kila boriti hadi sentimita 15, kulia na kushoto kwa zamu. Baada ya wiki mbili weka kiunzi cha msalaba (boriti mbili zilizopishana), sentimita 45 katikati, na boriti moja chini mita 2.5 kabla yake. Baada ya msalaba, mita 5.5, simamisha kiunzi wima cha sentimita 70. Akitua anapata hatua moja tu kisha anaruka tena. Hana nafasi ya kukurupuka, na mpandaji hana haja ya kumvuta hatamu. Farasi mdogo mpunguzie umbali huo kwa sentimita 20 hadi 30.

Kabla ya kiunzi wima, sentimita 20, laza boriti ardhini. Farasi hupima mahali pa kurukia kwa kutazama kitako cha kiunzi. Boriti hiyo ikiteleza ikaenda nyuma ya kiunzi, hesabu yake inaharibika, anachelewa kuruka na kugonga. Kwa hiyo ikague kila baada ya mruko.

Mara mbili kwa wiki, miruko 12 hadi 15, inatosha. Akipita safi mara tatu mfululizo, shuka. Fanyeni saa 12 asubuhi, kwa kuwa joto na unyevu wa pwani huwahi kumchosha, na aliyechoka hugonga. Mchanga mkavu wa ufukweni unazama, unaumiza kano. Ule uliolowa karibu na maji mara nyingi ni mgumu kama sakafu. Afadhali uwanja ulio mbali na ufukwe, wenye mchanga wa sentimita 5 hadi 8 juu ya udongo ulioshindiliwa.

SWALI: Wangu anaruka safi viunzi vinne, cha tano ambacho ni cha mwisho ndicho anachoangusha. Kwa nini?
Msomaji, Tanga mjini

JIBU: Anaongeza mwendo akijua anamaliza, na hatua zikirefuka mgongo unalala bapa. Laza boriti mita 3 kabla ya kiunzi cha mwisho na nyingine mita 3 baada yake, umwendee kwa shoti ya polepole. Akishatua, nyoosha moja kwa moja umsimamishe kabisa, usimkatishe kona kwenda kwenye kivuli. Siku nyingine ongeza kiunzi cha sita, kisha cha saba, asijue cha mwisho ni kipi.